Mazulia ya Kuazima kwenye Hema la Dahba

Saa moja asubuhi, kabla jua la jangwani halijaanza ukali wake, Dahba Sidahmed amekaa mchangani mbele ya hema la watu lililochanika upande mzima. Sindano yake ni ndefu kama kiganja. Anaisukuma kwa kipande cha ngozi alichojifunga mkononi, anavuta uzi, anaukata kwa meno. Ila leo mkono haumtii. Mshono uleule ameshaufumua mara mbili, na majirani wanaopita na madumu ya maji wanamwona.

"Dahba, leo unashona au unafumua?" mmoja anamtania.

"Nafumua, dada. Nikimaliza kufumua ndipo nitashona."

Wanacheka. Yeye hacheki. Leo anangoja wageni kutoka Hispania, na ndani ya hema lake mna mkeka mmoja tu ulioliwa pembe.

Kwa Wasahrawi, wakimbizi wa Sahara Magharibi wanaoishi kwenye kambi hizi za karibu na Tindouf, kusini-magharibi mwa Algeria, hilo si jambo dogo. Mgeni humiminiwa chai mara tatu, huchinjiwa mbuzi, na chini hutandikiwa mazulia hadi mchanga usionekane. Huna zulia? Jirani analo. Unaazima leo, naye ataazima kwako siku yake. Hakuna anayeuita huo uongo, na Dahba naye hakuuita hivyo, mpaka desturi hiyo ilipomponza.

Ana miaka hamsini na moja, mjane, fundi wa kushona mahema. Hema zima humpa dinari elfu tatu, na upepo hauchagui kuchana mahema ya wenye fedha. "Mengi nashona kwa asante," anasema. "Asante haijazi sufuria, lakini utamkataa nani hapa? Sote tumekimbia kutoka kulekule."

Mwanawe wa pekee, Ghalia, alikuwa na miaka tisa alipopelekwa Hispania kwa likizo ya kiangazi, kama watoto wengi wa kambini. Alipokewa na Anselmo, mwoka mikate wa mji mdogo, na mkewe Remedios. Wakampenda. Baadaye wakamfadhili kupitia chama cha wafadhili: chumba nyumbani kwao, sekondari, kisha chuo cha ukunga. Ghalia amebakiza mwaka mmoja. Kambini walishaanza kumwita mkunga, na kuna mwanamke aliyeapa kwamba hazai tena mpaka Ghalia arudi.

Mwezi wa tatu mwaka huu, Anselmo akaja mwenyewe kuwatembelea.

"Nilichanganyikiwa kwa furaha," Dahba anasema. "Huyu ndiye aliyenilelea mwanangu. Nimkalishe kwenye mkeka ule? Uso wangu ningeuweka wapi?"

Akaenda kwa jirani yake, Mneina. Mneina hakungoja kuombwa mara mbili. Alitoa mazulia yake yote, mito, birika lenye nakshi, na hata mbuzi wake. Dahba akamchinja mbuzi huyo pamoja na mbuzi wake mwenyewe wawili, wa mwisho aliokuwa nao.

Mgeni alikula, akasifu, akapiga picha. Akalipapasa zulia na kusema, "Dahba, kumbe mnaishi vizuri. Nimefurahi." Naye Dahba, kwa Kihispania alichofundishwa shuleni hapohapo kambini, akajibu, "Namshukuru Mungu, hatukosi kitu."

Akilirudia neno hilo leo, anajifunika uso kwa ncha ya ushungi wake. "Hatukosi kitu! Mdomo wangu huu huu! Mgeni humwambii shida zako, ndivyo tulivyolelewa. Lakini yule Mhispania, bwana. Anaamini anachoambiwa."

Alipotoka kujinyoosha, Anselmo alipita mbele ya hema la Mneina. Pazia lilikuwa wazi. Ndani aliona mchanga mtupu, na binti wa Mneina, Maglaha, amelala kifudifudi chini anafanya hesabu. Moyo ukamuuma. Aliporudi kwao akakiambia chama kwamba Ghalia sasa ana mama anayejiweza, kwa hiyo nafasi yake apewe yule mtoto wa hema tupu.

Habari zilimfikia Mneina kwanza. Alikuja mbio, analia na kucheka kwa pamoja. "Dahba! Maglaha kapata mfadhili! Mhispania wako kamchagua!"

Dahba akapiga vigelegele naye. Vigelegele vilipokwisha, ndipo akauliza, "Na Ghalia je?"

Mneina alikuwa ameshatoka mbio kumwita Maglaha, naye Dahba hakuuliza tena, maana alijua mfadhili mmoja hasomeshi watoto wawili. Miezi ikapita. "Nikisema kweli, namnyang'anya mtoto wa mwenzangu aliyelivua hema lake kwa ajili yangu. Nikinyamaza, wangu anazama. Usiku nilikuwa nikijigeuza kwenye mkeka, najitukana."

Ghalia, aliyedhani wafadhili wamemchoka, aliona haya kuuliza sababu. Alihama nyumba ile kimyakimya, akaanza kusafisha vyumba hotelini, akawa anasinzia darasani. Chuo kikamwonya kwamba akiendelea kukosa mazoezi ya hospitali ataondolewa. Siku moja akampigia mama yake. "Mama, nieleze. Nilimkosea nini baba Anselmo?"

Hapo Dahba hakuweza tena. Alikwenda kwa Mneina, akakaa kwenye mazulia yaleyale, akashindwa kuanza.

"Una nini, shoga? Umemeza sindano?"

Akamweleza yote. Mneina aliinama, akawa anachezea glasi ya chai mpaka ikapoa.

"Nilijua," akasema mwishowe. "Wallahi, siku ileile nilijua. Nikasema labda ndiyo riziki ya Maglaha, nikanyamaza. Nimekuwa nikikukwepa kisimani, hukuona?"

"Nilidhani mimi ndiye ninayekukwepa."

Walilia wote wawili. Kisha Mneina akampa simu. "Mpigie. Sema mbele yangu, usije ukaniambia umesema kumbe hukusema."

Dahba akapiga. "Anselmo, yale mazulia hayakuwa yangu."

"Yalikuwa ya nani?"

"Ya mama yake Maglaha. Na mbuzi pia."

Sauti ya Anselmo ikawa ya mtu aliyevuliwa nguo hadharani. "Kwa hiyo nilikula mbuzi wenu wa mwisho," akasema, "nikajilamba vidole, halafu nikamfukuza mtoto."

Dahba alimwomba jambo moja: ufadhili wa Maglaha usiguswe. Ghalia amesharudi kwenye chumba chake cha zamani, ila ada ya mwaka wa mwisho haijapatikana, kwa kuwa kanuni ya chama ni mfadhili mmoja, mtoto mmoja. Ndiyo maana leo Anselmo anakuja na watu wawili wa chama, wajionee wenyewe, kisha waamue kama wasichana wote wawili watasomeshwa.

"Mpango wangu ni huu," Dahba anasema akikunja turubai. "Ghalia akimaliza, namshonea hema la kuzalishia wanawake. Turubai nimeshaanza kulikusanya, kipande kipande. Inshallah."

Adhuhuri, vumbi la gari linaonekana. Mneina anachomoka kwake mbio, zulia begani.

"Moja tu, Dahba! Hata la mlangoni!"

"Rudisha, Mneina."

"Watu watakaa wapi?"

"Tunapokaa sisi."

Mneina anasimama na zulia lake katikati ya njia, hajui alipeleke wapi. Dahba anasogea mlangoni pa hema lake. Haya zimemjaa usoni, lakini hajifuniki. Gari linasimama. Anselmo anashuka wa kwanza, na hata hajatoa salamu, Dahba anayasema maneno aliyokuwa akiyafumua na kuyashona tangu asubuhi.

"Karibuni. Zulia hatuna."

Anselmo anatazama mchanga uliofagiliwa vizuri hadi ukutani mwa hema. Anainama pale mlangoni, anavua viatu, ndipo anaingia.