Paka Niliyemkana Mbele ya Kijiji

Kuna aibu ambazo mtu huamua kuzisimulia mwenyewe kabla wengine hawajaziongezea chumvi, na hii nimekaa nayo miaka mingi nikitumaini walioiona wataisahau, lakini naona hawasahau, basi acha niiseme. Nilimkana paka wangu mbele ya kijiji kizima, mbele ya mgeni kutoka wilayani, nikiwa nimevaa koti la kuazima, na paka mwenyewe akagoma kukanwa.

Tulikuwa Nyarubungo, huku Biharamulo, wakati wa vita vya Kagera, na mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi, cheo ambacho hakina mshahara lakini kina maneno mengi. Vijana wetu wa mgambo walikuwa wameshaondoka kwenda vitani, na kijiji kilikuwa kimetenga mahindi ya shamba la ujamaa kwa ajili ya wanajeshi, yakawekwa ghalani kusubiri lori. Lori halikuja (mafuta ya gari yalikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe tulikuwa tumeanza kuisahau ladha), wiki ikapita, mwezi ukapita, panya wakapata habari. Mtunza ghala alipofungua mlango siku moja akakuta magunia ya chini yametobolewa na pumba zimetapakaa sakafuni, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akaitisha mkutano.

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mwema sana, ila herufi mbili, l na r, hakuwahi kuelewana nazo. Akasimama akasema, "Ndugu zangu, panya wanakura mahindi ya wanajeshi. Panya hao ni adui sawasawa na nduri tunayepigana naye mpakani. Kwa hiyo kira barozi arete paka mmoja, awekwe gharani, awe paka wa kijiji."

Tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kama paka anakubali. Siku zile tulikuwa tumeshazoea shamba la pamoja, jembe la pamoja na duka la pamoja, ikaonekana hata paka anaweza kuwa wa pamoja, na mimi mwenyewe nilipiga makofi kuliko wote mpaka nikasimama kuunga mkono hoja, nikasema asiyetoa paka wake wakati huu basi moyo wake hauko na wanajeshi. (Maneno hayo nayakumbuka vizuri kwa sababu baadaye nilirudishiwa mara nyingi.)

Sasa, katika nyumba zangu kumi kulikuwa na paka wawili tu. Mmoja wa Bibi Minza, mjane wa Kisukuma aliyehamia kwetu kutoka Shinyanga na mumewe, mume akafariki, akabaki na mwanawe, naye mwanawe akawa ameenda vitani na mgambo. Paka wake aliitwa Mabula kwa kuwa alizaliwa siku ya mvua. Wa pili alikuwa wangu mimi.

Wangu aliitwa Karani, kwa sababu kila nikikaa kuandika majina ya watu wa shina langu, yaani zile nyumba kumi, yeye huja akaikalia karatasi, ukimwondoa anarudi, mpaka uandike ukimzunguka. Nikirudi kutoka shambani alinipokea njiani, mkia juu wima, akanisugua miguuni kwa shavu, upande huu na upande huu, kana kwamba ananipaka kitu ili watu wajue mimi ni mali yake. Nikilala mchana alipanda kifuani akanikanda kwa miguu ya mbele kama mtu anayekanda unga, huku anakoroma lile koromo lao la raha. Na alikuwa na zawadi. Kila asubuhi niliamka nikakuta panya mmoja kando ya mkeka, na Karani amekaa pembeni ananitazama, na haondoki mpaka nimwambie "ahsante." Usipomshukuru analia, na analia kwa sauti ya madai. Mke wangu, Mama Gaude, alisema, "Mimi nakupikia kila siku hunishukuru, paka unamshukuru."

Basi katibu alipoanza kuuliza balozi mmoja mmoja ana paka wangapi, na zamu yangu ikafika, ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa, ambao ulichukua muda wa kumeza mate tu. Nikasema, "Wangu aliliwa na fisi wiki iliyopita. Amebaki mmoja, wa Bibi Minza."

Watu wakanipa pole, na mwenyekiti naye akasema pore. Mama Gaude, aliyekuwa amekaa upande wa akina mama, alinitazama kwa jicho ambalo mume yeyote analifahamu, na Karani wakati huo alikuwa jikoni kwetu, mzima wa afya, amelala juu ya kapu.

Kesho yake nikaenda kumchukua Mabula. Nilifika na gunia na kamba ya katani, nikasema shikamoo, nikaongeza na "mwangaluka" kwa Kisukuma changu cha kuokoteza ili kulainisha mambo.

"Marahaba, mwanangu," akasema Bibi Minza, na kabla sijafungua mdomo akaendelea, "Pole kwa paka wako. Najua uchungu wake. Mtu unamzoea."

Nikasema, "Ndiyo, Bibi, tumeshapoa." (Tumeshapoa. Mimi.)

Mabula alikuwa amelala juu ya miguu ya bibi, na bibi akaniambia kuwa tangu mwanawe aondoke paka yule halali mahali pengine. Hakubisha. Alisema kama ni kwa ajili ya wanajeshi, na mwanawe ni mmoja wao, basi sawa. Nikamfunga Mabula kamba ya katani shingoni ili ajulikane ni paka wa kijiji, nikamtia kwenye gunia, na kwa kuwa kwetu kila mtu anajua kuwa paka akihamishwa huku anaona njia atarudi alikotoka, nikalizungusha gunia mara tatu, nikapita njia ya mtoni, nikazunguka nyuma ya shule, nikalizungusha tena. Kazi hiyo niliifanya vizuri sana. Paka wa mabalozi wengine walirudi makwao karibu wote kabla ya jua kuzama. Mabula hakurudi kwake. Siku ya pili alipenya kwenye tundu chini ya mlango wa ghala akapotea, ghalani hayupo, kwa bibi hayupo. Mtunza ghala aliniambia, nami nikamwambia atarudi tu, nikanyamaza.

Nyumbani sasa nikawa mfungwa pamoja na Karani. Mchana tulimfungia jikoni, mlango tukaufunga kwa kamba. Akilia, Mama Gaude aliimba kwa sauti ili majirani wasisikie, naye hakuwa mtu wa kuimba, majirani wakaanza kuuliza kama kuna shida nyumbani. Nilidhani paka atanichukia kwa kumfungia. Wapi, kila nikifungua mlango alinirukia.

Hatimaye lori likapatikana. Ikatangazwa kuwa mgeni atatoka wilayani kuyapokea mahindi, mkutano utafanyika kwenye uwanja ulio mbele ya ghala, na mwenyekiti akanichagua mimi nitoe shukrani kwa niaba ya mabalozi, eti kwa kuwa nilisema maneno mazito siku ya hoja ya paka, na hata mimi mwenyewe nilipoteza wangu. Nikaazima koti kwa mwalimu. Mikono ilikuwa mifupi lakini mgongoni lilinikaa.

Siku ilipofika kijiji kizima kilikuwa pale, Mama Gaude amekaa na wenzake, Bibi Minza mbele kabisa kwenye kigoda kwa sababu ya magoti yake. Nikaitwa. Nikapewa kipaza sauti cha betri, kile cha mfano wa tarumbeta ambacho unabana kitufe ndipo kinasema, nikaanza vizuri tu, ndugu mgeni, ndugu mwenyekiti, ndugu wananchi, na nilikuwa nimefika mahali pa kusema kwamba shina letu lilitoa kila lilichokuwa nacho, nikaona watu wa mbele hawanitazami usoni. Wanatazama nyuma yangu.

Alikuwa anatokea upande wa ghala, mkia juu wima. Kamba ya mlango alikuwa ameikata kwa meno (tuliona baadaye), na njiani alipitia ghalani, kwa maana mdomoni alikuwa amebeba panya mkubwa ambaye miguu yake ilikuwa inaburuta chini. Akaja taratibu katikati ya uwanja, akapita mbele ya mgeni, akapita mbele ya mwenyekiti, akamweka panya juu ya kiatu changu, akakaa, akanitazama.

Mgeni akacheka kidogo. "Paka huyu ni wa nani?"

Nikasema kwa kipaza sauti, "Simjui, ndugu mgeni. Nadhani ni paka wa kijiji."

"Basi anafanya kazi nzuri," akasema mgeni, na mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini Karani hakuwa ameshukuriwa. Akalia. Nikaendelea na hotuba, akalia kwa nguvu zaidi, nikamsukuma kwa mguu, akadhani namchezea, akajilaza chali akanionyesha tumbo, akainuka akanisugua suruali kwa shavu upande huu na upande huu, halafu akarudi kwenye panya wake akalia tena, sasa ile sauti ya madai. Mtunza ghala akaja kumkamata, paka akamkwepa, akanipanda. Alipanda suruali, akapanda koti la mwalimu, akafika begani, akatulia, akaanza kunikanda kwa kucha na kukoroma sikioni mwangu.

Mimi jasho linanitoka. Nikaona dawa ni moja tu, nimshukuru haraka haraka kwa chini, atashuka, ataondoka, nimalize. Nikageuza uso nikamnong'oneza, "Ahsante, Karani. Ahsante sana, baba. Sasa nenda nyumbani, utaniponza."

Kidole changu kilikuwa bado kimebana kitufe.

Ilisikika mpaka shuleni. Koromo lenyewe la paka lilikuwa linasikika, linanguruma uwanja mzima kama mashine ya kusaga. Nilitazama mbele nikamwona Mama Gaude amejifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, halafu kicheko kikaanza nyuma kwa vijana kikaja mbele, hata dereva wa lori aliteremka kutazama.

Mwenyekiti akauliza polepole, "Barozi, huyu si ndiye ariyeriwa na fisi?"

Mgeni alikuwa amepangusa machozi, akasema, "Ndugu balozi, yule tunayepigana naye anasema cha watu ni chake. Wewe unasema chako si chako. Sijui hata nikuandike upande gani." Watu wakacheka upya. Mpaka hapo, wenzangu, ningevumilia, kwa sababu kuchekwa hakuui, na nilikuwa nimeanza hata mimi kutabasamu kijinga na paka wangu begani.

Ndipo Bibi Minza akainuka kwenye kigoda chake. Aliinuka kwa taabu, watu wakanyamaza wakidhani ana hoja. Alimtazama Karani alivyokuwa ananikanda bega, halafu akanitazama mimi.

"Balozi," akasema, "mimi nilikupa pole."

Akaketi. Hakuna aliyecheka tena. Nilimrudishia katibu kipaza sauti nikatoka uwanjani na paka begani, panya nikamwacha pale pale.

Ubalozi niliuacha mwenyewe wiki ile kabla hawajaniambia niuache. Jioni ya siku ile ya mkutano nilimbeba Karani mikononi, siyo kwenye gunia, nikampeleka kwa Bibi Minza nimpe yeye. Alimpokea, akampapasa kichwa, Karani akawa anautazama mlango na kuninyooshea shingo. Bibi akasema, "Mchukue. Huyu ana mtu wake." Nikamwambia nitamtafuta Mabula. Na nilimtafuta, kila siku nikitoka shamba, njia ya mtoni, nyuma ya shule, njia zote nilizompitisha, mtu mzima naita jina la paka vichakani, na waliokuwa wananisikia walikuwa wanaambiana ni balozi yule. Sikumpata.

Alirudi mwenyewe, mahindi mapya yakiwa yameshaanza kubeba. Nilikuwa nimekaa nje nikamwona anapita, amekonda, sikio limechanika, shingoni bado ana ile kamba yangu ya katani, imekaza mpaka manyoya yametoka. Alipita mbele yangu bila kunitazama akaenda moja kwa moja kwa bibi yake. Baada ya muda nikaitwa.

Bibi Minza alikuwa amekaa mlangoni, Mabula yuko juu ya miguu yake, anakoroma mwili mzima unatetemeka. Bibi alikuwa na wembe mkononi. Akanikabidhi.

"Wewe ndiye uliyemfunga," akasema. "Mfungue."

Nikapiga magoti. Mabula alitulia wakati wote nilipokuwa nakata, na kamba ilipoanguka tu akaniuma kidole gumba, akauma kwa kutulia, halafu akaendelea na koromo lake. Bibi hakumkemea, na mimi sikuuondoa mkono.

Alama ninayo mpaka leo. Tangu siku ile, kwenye mkutano wowote wakiuliza nani atatoa nini, mimi hukitazama kwanza kidole hiki, halafu naanza kuhesabu vya nyumbani kwangu.