Adinani na Nyimbo za Korongo

Watoto wa mtaa wetu wa Isevya walimjua kaka yangu Adinani kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa na banda la video, na kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu: picha inakwenda, yeye ameshika maikrofoni, anawasemea wote, mfalme, mwizi na mbwa. Asichokielewa alikitungia. Ijumaa hakufungua mpaka watu watoke msikitini.

Filamu aliyoipenda ilikuwa katuni ya zamani yenye nyimbo nyingi, ya korongo mdogo aliyeachwa na kundi lake. Nyimbo zile za Kizungu alizitia maneno yake mwenyewe, mahadhi akayaacha vilevile. Mtoto mmoja alimtania mbele ya banda zima kwamba ndege kasema neno moja, yeye kasema kumi. Adinani akamjibu kwamba ndege wa Ulaya wana haraka, wa Tabora lazima waanze na salamu.

Maneno hayo aliyatunga kwanza nyumbani, kwa ajili ya binti yake Najiat, aliyezaliwa na sikoseli, ugonjwa wa damu. Mifupa ikianza kumuuma, baba aliimba, mtoto akafuatisha, na maumivu yakampitia akiwa ameshughulika na korongo.

Mwaka jana damu ilimpungua ghafla. Hospitalini damu ya kundi lake ilikuwa imekwisha. Yangu ilipimwa, haikufaa. Ya baba yake pia. Mama yake, Zuwena, akapanda bodaboda kwenda kwao Kwihara kuwaleta kaka zake. Tukabaki wawili kando ya kitanda, Adinani akiimba, maana mtoto alitulia kwa sauti ile tu.

Alasiri pumzi zake zikaanza kuachana. Nimewauguza wazazi wetu mpaka mwisho, nilijua ninachokiona. Kwetu mtu akifika hapo hukumbushwa kalima, ili iwe ndiyo kauli yake ya mwisho. Nikamwomba kaka, kwa sauti ya chini, anyamaze nimsomee mtoto.

"Usimsomee," akasema. "Alikuwepo bibi yake aliposomewa, akafariki. Akiisikia tu, atajua anakufa."

"Na asipoisikia?"

Akaendelea kuimba. Nilimwomba Mwenyezi Mungu amlete Zuwena mlangoni, na kila ubeti ulipokwisha nilimwomba atusamehe, maana Jina Lake halikuwamo. Macho ya mtoto yakaanza kulegea.

Hapo Adinani akafanya kazi aliyoizoea. Mahadhi hakuyagusa. Aliyatoa maneno ya korongo, akatia kalima mahali pake, La ilaha illa Llah, taratibu, akiivuta pale pale ambapo wimbo ulikuwa unavutwa siku zote.

Najiat akafumbua macho. "Baba, hayo siyo ya korongo."

"Siyo," akasema. "Haya ni yako, mama."

Akamtazama baba yake. Sijui alielewa nini. Kisha akafuatisha kama kawaida yake, kwa midomo zaidi kuliko kwa sauti, mpaka Muhammadun Rasulullah. Baba akaanza tena. Yeye hakuanza.

Sijamuuliza shehe kama jambo lile linafaa. Ninaogopa jibu lolote atakalonipa. Banda halijafunguliwa hadi leo.

Miguu ya Najiat ilikuwa bado ina joto mikononi mwangu Zuwena alipoingia na kaka zake wawili, wanahema, mikono ya mashati wameshaikunja.