Nilijiita Marquis, Baba Akabeba Aibu Yangu Ruiru

Wakuu, niaje. Hii nimekaa nayo miezi mingi. Leo naitoa vile ilivyokuwa, hata pale najiaibisha.

Mimi ni Njoroge. Baba yangu anaitwa Mwaura, mkulima huko Ngoliba.

Nilipopata job ya sales Ruiru, nikaona Mwaura ni jina la ushamba. Online nikapata Marquis. Ni cheo cha mabwana wakubwa wa Ufaransa ya zamani, siku hizi ni surname ya watu na hata jina la miji. Nikawa Brian Marquis. Brian ni ya ubatizo, hiyo angalau ni yangu.

Msichana wangu Wambui akaniuliza hilo jina limetoka wapi. Nikamwambia babu alikuwa Mfaransa. (Hata kuandika hapa naona haya.)

Siku ya kwenda kujitambulisha kwao, hapo Ruiru, ikafika. Baba akavaa koti alilofungia harusi, akabeba mkungu wa ndizi. Sikumwambia kitu kuhusu hilo jina. Niliogopa.

Tulipoketi, babake Wambui akasimama. "Karibuni sana. Sasa Mzee Marquis ni yupi, tumsalimie?"

Baba akaniangalia. Mimi nikaangalia meza.

Baba akasema, "Ni mimi."

Hata mtu akiuza ng'ombe hukuambia ugonjwa wake, lakini mimi baba sikumwambia! Lunch yote wakamwita Mzee Marquis, na kila mara alichelewa kuitika.

Tukiwa stage, tukingoja matatu ya kurudi, akaniuliza kitu kimoja tu: "Kijana wako wa kwanza ataitwa nani?"

Kwetu Wakikuyu, huyo hupewa jina la babu yake, baba ya baba.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa babake Wambui peke yangu, nikasema yote. Wambui alilia, akakaa mwezi mzima bila kushika simu yangu. Babake hakunifukuza. Alisema, "Rudi na baba yako. Huyo ndiye nataka kumjua."

Baba alikubali kurudi. Mlangoni akanyoosha mkono: "Naitwa Mwaura." Alisema polepole, kama mtu anayeomba ruhusa. Mimi ndiye nilimfikisha hapo.

Nilichojifunza ni kwamba mzazi ukimwonea haya, yeye hujua mapema, halafu anakufunika. Hiyo ndiyo inauma.

Kuna mwenye amewahi kumficha mtu wa kwao? Ulirekebisha aje? Hata mkinichapa maneno, nitasoma yote.