Diski ya Mazishi ya Muriithi

Ndiritu, fundi wa kompyuta pale Majengo, aliipindua diski ya Mama Watiri. Upande wa chini uling'aa rangi moja kote, bila ule mviringo mweusi unaobaki video ikichomwa, yaani ikinakiliwa, kwenye diski. Ilikuwa tupu tangu mwanzo. Yeye mwenyewe ndiye aliyerekodi mazishi ya mtoto wa huyu mama, akauza diski thelathini na kuchoma kumi tu. Nani hutazama jeneza mara ya pili?

"Mashine imekataa kuisoma. Uliiweka wapi?"

"Ndani ya Biblia, miaka tisa. Leo ndio nimepata nguvu ya kumwona."

"Biblia imeibana, mama. Umeiharibu wewe."

Watiri aliifunga tena kwenye leso, taratibu.

"Nisamehe, Muriithi," aliiambia.