Kompyuta Isiyokoroma

Kompyuta ya marehemu baba ilikuwa inakoroma kama mlevi, na hadi iwake, chai imeshapoa. Baba alikuwa mchapaji. Aliwachapia watu barua sebuleni huku mama akipika jikoni. Tangu tumzike, mama aliiwasha kila asubuhi, kisha akaenda zake jikoni bila hata kuigusa tena.

Mimi sina subira na vitu vibovu. Nikamleta fundi, akahamishia kila kitu kwenye diski mpya ya kisasa: picha, barua, hata mahesabu ya saruji aliyomchapia mteja. Halikupotea faili hata moja. Ile diski kuukuu, kwa kuwa ilibeba siri za wateja, akaipondaponda kwa nyundo.

"Mama, njoo uone! Kufumba na kufumbua, imeshawaka!"

Mama akasimama mlangoni, mwiko mkononi, ametega sikio.

"Mbona haikoromi?"

"Hizi mpya hazina kelele, mama. Ile diski ya zamani ndiyo iliyokuwa inasaga."

"Nikiwa kule jikoni, nikiisikia tu, nilikuwa naona kama baba yako yupo."

Nikavitazama vipande vya ile diski kuukuu.

"Izime, mwanangu," akasema. "Kimya ninacho cha kutosha."