Obokano ya Moraa

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Nyamarambe, Mwalimu Mkuu alinikabidhi ufunguo wa chumba cha muziki. Nilipofungua nikakuta magunia ya mahindi yamejaa mpaka dirishani. "Muziki utaanza mahindi yakiisha," akasema, na wala hakuwa anatania. Basi nikafundishia kwenye baraza ya jikoni, wapishi wakiitikia do-re-mi huku wakisonga ugali. Lo, tuliimba!

Nyinyi mnaojifunza muziki kwa simu hamjui tulivyohangaika. Wanafunzi wakifika kidato cha tatu, somo lilibaki na wachache wenye moyo. Kulikuwa na imla ya muziki, yaani mtahini anapiga sauti nawe unaziandika jinsi ulivyozisikia. Kisha utendaji: unakaa mbele ya mtahini na ala yako, unapiga. Ukikosa ala, hizo alama zote umezipa mgongo.

Kutoka Nyamarambe nilihamishiwa shule ya wasichana karibu na Marani. Mwalimu Mkuu wa huko, mama mkali, aliniuliza mbele ya walimu wote, "Mwalimu Akinyi, hawa watoto wako watakula nyimbo?" Nikamjibu, "Kwani wako wanakula chaki?" Alicheka mpaka akavua miwani. Tangu hapo tukapatana.

Huko ndiko nilikomkuta Moraa. Alikuwa mtoto mkimya, lakini akiimba hata wapita njia walisimama langoni. Alitaka kuwa mwalimu wa muziki, basi, hakuwa na hadithi nyingine. Mtihani wa utendaji ukikaribia, panya wakatafuna nyaya za kinanda chetu cha pekee. Niliketi nikalia, sioni haya kusema. Jumatatu iliyofuata Moraa akaja amebeba kitu kikubwa kimeviringishwa blanketi. Ilikuwa obokano ya marehemu babu yake, zeze la Wagusii lenye nyuzi nane na tumbo pana la ngozi. Bibi yake alikuwa ameitunza darini, juu ya moshi wa jikoni.

"Babu alinifundisha nikiwa mdogo," akasema. "Lakini Mwalimu, baba asijue."

Baba yake, Mzee Onchiri, alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato. Kwake obokano ilikuwa ala ya vilabu vya pombe, tena ya wanaume. Nami mtu wa ziwani nilijua nini? Hata nyatiti, zeze la kwetu Wajaluo, sikuwahi kuigusa, chuo kilinifundisha piano. Moraa alipiga vizuri, vidole vikimtii, lakini akianza kuimba sauti ilizama, akakohoa. Nikamwambia ajitahidi zaidi. Akajitahidi mpaka koo likakauka.

Siri haifichiki Marani. Siku mbili kabla ya mtihani Mzee Onchiri akatokea mlangoni mwa darasa, kofia mkononi, uso umekunjwa.

"Mwalimu, nimekuja kumtoa mtoto kwenye somo lako."

"Baba Moraa, ukimtoa sasa, umemkatia ualimu."

"Afadhali akatiwe. Sikubatizwa ili binti yangu apige muziki wa ulevi."

Mtoto yule mkimya aliinamia obokano akaanza wimbo wa kumbembeleza mtoto, ule babu yake alizoea kumwimbia. Machozi yanamtoka, sauti inazama palepale. Nikaona Mzee Onchiri anakunja uso upya, lakini sasa si kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayeona mzigo umefungwa vibaya mgongoni mwa punda.

"Yaya!" akasema, yaani hapana kwa Kigusii. "Yaya, mnamuua mtoto! Hizi nyuzi ni za sauti ya baba yangu. Obokano hulinganishwa na koo la anayeimba. Nani alimwambia aimbe kwa koo la mzee?"

Akaweka kofia juu ya dawati langu. Akapakata ile ala, akaanza kuzungusha vitambaa vilivyoshika nyuzi kwenye mti wa juu, akikaza huu, akilegeza ule. "Imba kidogo, mama," akamwambia binti yake. Akaimba. Akakaza tena. "Imba." Alipomaliza alimrudishia bila kupiga hata mara moja.

"Mimi sijapiga," akaniambia kwa ukali. "Nimerekebisha tu."

"Hata mimi sijaona ukipiga, Mzee."

Akavaa kofia akaenda zake. Moraa alifanya mtihani, akafaulu, na leo anafundisha muziki mjini Kisii.

Nilistaafu nikiwa Nyamira, na nimebaki hapa na vichaka vyangu vya chai. Kusema kweli, mwanzo nilikuwa mpweke sana. Asubuhi niliamka nikisubiri kengele isiyolia. Koo langu nalo limezeeka, juu sifiki tena, na kanisani nilikuwa nimeanza kufungua mdomo tu bila kutoa sauti.

Mwaka huu Mzee Onchiri alinitembelea na Moraa. Mzee alikuwa amebeba obokano mpya, ngozi bado inanuka, aliyoitengeneza mwenyewe. Nikamkumbusha kwamba mimi hupiga piano. Hakunisikiliza. Aliketi kwenye kigoda changu, akashika uzi wa kwanza, akainua uso.

"Imba kidogo, Mwalimu," akasema. "Kwa sauti yako hivyo hivyo ilivyo."