Mlango wa Chumba cha Dada

Dada yangu amepiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na miwili. Kazini wanamwita Pasi, na ukimwulizia kwa jina lake la kweli mlinzi anakuna kichwa. Mikono yake imeungua mara nyingi mpaka siku hizi akiguswa na mvuke hashtuki, anavuta tu shuka linalofuata.

Mumewe ni seremala, na niseme mapema nisije nikaonekana namsengenya: shemeji yangu ni mtu mwema. Halewi, hapigi, akipata anafikisha nyumbani. Anaongea kidogo, tena kuhusu mbao. Pembe za milango yake hazipigwi misumari. Anatoboa na kupigilia vijiti vya mbao, vitatu kila pembe, kisha anapiga msasa mpaka ukipitisha kidole husikii kitu. Nimemtania mara nyingi kwamba siku ya mwisho akiulizwa alifanya nini duniani, atajibu alitoboa matundu.

Sasa kuna watu wataniuliza mwanamke mwenye mume wa namna hiyo alitafuta nini tena. Swali hilo linanikera, maana wanaoliuliza hawajawahi kutolewa vyombo nje.

Sisi tulitolewa. Baba alipofariki nilikuwa na miaka tisa, dada kumi na mitano. Hata viti vya kuazima vya msibani havijarudishwa, baba mdogo akaja na kitasa kipya na bisibisi. Alikibadilisha mbele yetu, taratibu, wala hakuwa na haraka. Mama alisimama uani ameshika sufuria mbili. Tangu siku hiyo tukawa watu wa kulala kwenye sakafu za wenzetu, miezi kwa shangazi, miezi kwa rafiki, na mama akazoea kusema "samahani" kila alipoingia mahali, hata chooni. Alisema samahani mpaka anakufa. Mimi nilikuwa mdogo, nilizoea. Dada hakuzoea.

Ndiyo maana alipokuwa ameolewa na ana watoto wawili, alianza kufanya kazi za ziada na kuweka kidogo kidogo. Mjane mmoja mshonaji alimuuzia pembe ya kiwanja chake, dada akajenga chumba kimoja. Aliniambia mimi peke yangu.

"Unataka kumwacha shemeji?" nilimwuliza.

"Nimwache kanifanya nini?"

"Sasa chumba cha nini?"

"Nataka nikilala kule kwa mume wangu, nilale usingizi."

Nilimwona ana wazimu. Na wazimu ulizidi tulipofika kwenye mlango, maana alikataa katakata fundi mwingine. Alisema mlango wa fundi mwingine atauota usiku ukifunguliwa. Basi nikatumwa mimi, mwalimu wa watoto wa watu, nikadanganye kwamba mlango ni wa stoo ya mwalimu mwenzangu. Shemeji aliniuliza jambo moja tu, kama mvua inapiga upande wa mlango. Nikasema sijui. Akanipunguzia bei kwa ajili ya ushemeji, nami nikapokea, Mungu anisamehe.

Miaka kumi ikapita. Kila mwezi, siku yake ya mapumziko, dada alikwenda kule, akafagia, akafungua dirisha, akakaa kidogo kwenye kiti kimoja kilichokuwamo, akafunga, akarudi. Hakulala hata siku moja. Ufunguo aliubana kwa pini ndani ya sare yake ya kazi.

Aliyeharibu ni mimi na mdomo wangu. Mshonaji alitaka kubadilisha mlango wake, akaniuliza ule wa dada ulitengenezwa na nani. Nilipaswa kusema sijui, neno nililokuwa nimeshalizoea. Lakini namwonea shemeji yangu fahari, nikamsifu mpaka nikamwelekeza karakana. Nikasahau kitu ambacho kila mteja wake anakijua: hatengenezi mlango bila kwenda kupima mwenyewe.

Akaenda. Mshonaji ndiye aliyenisimulia. Anasema shemeji alisimama mbele ya mlango wa dada, akapitisha kidole kwenye pembe, kijiti cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akauliza nani anakaa pale.

"Hakai mtu. Ni cha dada mmoja wa hospitali, wanamwita Pasi."

Akapima mlango wa mshonaji, akakosea, akapima tena. Akaondoka akasahau penseli yake dirishani, na penseli hiyo huwa haibanduki sikioni mwake.

Siku nne alikula, akashukuru, akaenda kazini. Asubuhi ya siku ya tano ndipo alipouliza. Nilikuwapo, kwa sababu dada alishaona hali si ya kawaida akaniita.

"Nimekukosea nini, mama watoto?"

"Hujanikosea."

"Ulikuwa unaondoka lini?"

"Sikuwa naondoka." Dada alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. "Unakumbuka siku uliyoniambia hii nyumba ni yako?"

Hakukumbuka. Alijitahidi, ilionekana usoni, na hakukumbuka.

"Ulikuwa umekasirika tu, najua. Ukasahau kabla hata chakula hakijaiva. Lakini mimi nilisimama jikoni nikajiona nimeshika sufuria mbili. Tangu nipate kile chumba, kila nikirudi hapa narudi kwa kupenda."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia kisingekuwa changu."

Shemeji akainuka, akachukua sanduku lake la vifaa, akatoka. Hakubamiza mlango. Nadhani angeubamiza tungepumua.

Dada akaifungua pini, akauweka ufunguo mezani. "Nitakiuza," akasema. "Nikikiuza atarudi." Alikuwa na miaka hamsini na moja, na sauti ile ilikuwa ya mama. Nilikasirika. Nilimwambia akiuza asinijue tena. Dada akachukua ufunguo, akasema twende tukakitoe kile kiti.

Tulimkuta shemeji amekaa kizingitini mwa chumba, sanduku miguuni.

"Fungua," akasema.

Dada akafungua. Mlango ulikwaruza sakafu, ulikuwa umevimba kwa mvua za miaka kumi. "Shemeji alisema hajui kama mvua inapiga upande huu," mumewe akasema bila kuniangalia, akinitaja mimi, nami nikatamani ardhi inimeze. Akautoa kwenye bawaba, akaulaza, akaupiga randa chini. Akaurudisha, ukafunguka bila kugusa sakafu.

Kisha akatoa mfukoni komeo jipya.

"Simama hapa. Inua mkono. Mkono wako unafika wapi bila kujivuta?"

Dada akainua. Akaweka alama pale vidole vilipoishia, akalifunga komeo upande wa ndani, skrubu nne. "Mimi nilidhani natengeneza mlango wa stoo," akasema. "Ningejua kuna mtu atalala humu, ningeliweka tangu mwanzo."

Akatoka nje.

"Funga."

Dada akafunga, tukabaki wawili ndani. Akasukuma komeo. Shemeji akausukuma mlango kwa mkono, kisha kwa bega, kwa nguvu hasa. Haukutikisika.

"Limeshika," alisema kutoka nje.

Dada alikuwa analia kimya kimya, kiganja chake bado kiko kwenye komeo. Nilidhani shemeji ataondoka. Nilisikia viatu vyake vikigeuka kwenye kokoto, vikasimama. Kisha akabisha, taratibu, mara mbili, akapiga hodi kwenye mlango alioutengeneza kwa mikono yake.

Dada akafuta uso, akavuta komeo.

"Karibu," akasema, neno ambalo mama yetu alikufa bila kupata tena pa kulisemea.